DVD ya filme ya muuaji wa kulipwa: namna ya kuinunua na kuiangalia hapa Lushi (Lubumbashi) bila kupigwa

Kila filme kubwa ya muuaji wa kulipwa ikiingia mu sinema kule Bulaya na Marekani, wiki hiyo hiyo utaikuta ku soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lushi si nchi, imepangwa chini juu ya bashi, jaketi (karatasi ya boksi) inang'aa, jamaa wa suti nyeusi ameshika bastola, na muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake kwamba ni orijinali. Hapana, haiwezi kuwa orijinali, na sababu iko hapa chini. Hii mwongozo ni ya mutu anayetaka disiki ya kweli, aiangalie na watu wake mu nyumba, picha safi, sauti safi, isikwame pale mwishoni wakati jamaa anapanda ngazi kwenda kumalizana na bosi wake. Mambo mengi hapa yanafaa filme yoyote ile, lakini hizi za wauaji ziko na shida zake, nusu ya filme ni usiku, giza tupu, wanaongea kwa kunong'ona halafu ghafla risasi.

Hatua ya 1: hesabu miezi kabla hujatoka nyumbani

Angalia filme ilianza lini mu sinema. Ufaransa iko na sheria, DVD inangojea miezi 4 kwa kawaida. Marekani kila studio inaamua yenyewe, siku hizi mara nyingi wanaanza kuuza ku intaneti, disiki inafuata nyuma, na desturi yao disiki mpya zinatokaka siku ya Jumanne. Kwa hiyo kama filme iko ingali mu sinema na mutu wa Kenya tayari iko nayo mu DVD, basi kuna mutu alikaa mu sale na kamera akairekodi. Filme ya kuchekesha unaweza kuvumilia, ya muuaji hapana, ju ile giza yote inageuka matope meusi, unasikia pa! pa! na hujui nani kaanguka, na kivuli cha mutu anatoka kwenda choo kinapita katikati.

Kuna wanaosema disiki za nini tena wakati intaneti iko. Sawa, lakini piga hesabu ya mega zako. Netflix wenyewe wanasema HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, filme ya masaa mawili ni GB 6, ukitaka kuirudia na shemeji Jumapili ni GB 6 tena. Disiki unalipa mara moja.

Hatua ya 2: jua mashine yako inasoma nini

DVD, Blu-ray na 4K ni ukubwa mumoja ku macho, na hapo njo watu wanapotea. Lekteri (mashine ya kuchezea disiki) ya DVD haisomi Blu-ray hata ukiisafisha hata ukiiombea. Lekteri ya Blu-ray inasoma DVD, na ile ya 4K inasoma zote tatu. Boksi ya Blu-ray mara nyingi ni ya bluu, ya 4K ni nyeusi, ya DVD pia mara nyingi nyeusi lakini ndefu zaidi, usiangalie rangi peke yake, soma alama juu.

Kama uko na PlayStation usikimbilie kununua lekteri. PS2 inasoma DVD, PS3 na PS4 zinasoma DVD na Blu-ray, PS5 yenye tundu la disiki inasoma hata 4K. PS4 haisomi 4K, hata ile ya Pro, hiyo wengi wanabishana nami lakini ni hivyo.

Picha inaachana sana? DVD iko na mistari 576 ama 480, Blu-ray iko na 1080, 4K iko na 2160. Ku tele ya inchi 32 DVD muzuri inatosha kabisa, usitupe falanga. Ku tele ya inchi 55 utaona tofauti, na utaiona zaidi mu zile scene za usiku. Kwa filme za hii aina mimi ningechukua Blu-ray kama mashine iko, giza inabaki giza, haigeuki vipande vipande kama sakafu ya karo.

Hatua ya 3: zone, hapa njo soma mara mbili

Studio ziligawa dunia vipande, zone, na disiki ya zone moja haichezi ku lekteri ya zone ingine. Kwa DVD, Marekani na Kanada ni zone 1, Ulaya, Japani na nchi za Waarabu za Mashariki ya Kati, Dubai ndani yake, ni zone 2, na Afrika karibu yote ni zone 5, sisi Kongo ndani yake. Sasa sikiliza shida yetu watu wa Katanga: vitu vyetu vinatoka wapi? Vinapanda kutoka Afrika Kusini vinapita Kasumbalesa ku mupaka na Zambia, ama vinakuja na mama mumoja anafanya biashara ya Dubai, ama ndugu anatuma kutoka Ubelgiji. Na Afrika Kusini, kwa DVD, waliiweka mu zone 2 pamoja na Ulaya, si zone 5 pamoja na sisi. Kwa hiyo hapa Lushi sisi ni zone 5 ku karatasi, lakini disiki za kweli karibu zote tunazozishika ni zone 2, na lekteri nyingi pia. Muzambia jirani yetu hapo Chililabombwe iko zone 5 kama sisi. Usiniulize nani alikaa akapanga hivyo.

Cha kufanya ni hiki. Geuza lekteri nyuma, utafute kamuhuri kadogo ka dunia na namba ndani. Ikiwa 2, nunua disiki za 2. Ikiwa ALL ama 0, furahi, inasoma zote. Lekteri za bei ya chini za Kichina mara nyingi ni za zone zote, na zile za majina makubwa njo zinakuwa ngumu. Disiki nayo iko na kamuhuri kale kale nyuma ya jaketi, ilingane. Usipokaona kabisa, ama umepata ya zone zote ama umepata kopi, endelea hatua ya 5.

Blu-ray iko na mipango ingine, ni herufi: A ni Amerika, Japani na Korea, B ni Ulaya, Afrika yote, Waarabu na Australia, C ni China, India na Urusi. Hapa tumepona, ya Afrika Kusini, ya Dubai, ya Ubelgiji na ya kwetu zote ni B. Disiki za 4K hazina zone, unanunua popote duniani unaweka inacheza. PS4 ya Dubai itasoma DVD zone 2 na Blu-ray B, lakini ndugu wa Texas akikutumia DVD yake ya zone 1 itakuonyesha ujumbe wa kukataa na basi.

Na kompyuta: tundu la disiki la kompyuta linakuruhusu kubadilisha zone mara 5 peke yake, ya tano inabaki hapo milele. Watoto wa nyumba wanabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo bila kusoma, siku moja kompyuta inafungwa ku zone 1 na disiki zako zote ni 2. Programu ya VLC mara nyingi inasoma bila kuuliza, jaribu nayo kwanza.

Hatua ya 4: soma jaketi nyuma, si mbele

Mbele ni suti na bastola, haisemi kitu. Nyuma njo kuna mambo.

Lugha. Disiki ya Ufaransa ama Ubelgiji itakuwa na Kifaransa. Ya Afrika Kusini mara nyingi ni Kiingereza peke yake, hata maandishi ya chini ni Kiingereza, sasa bibi yako atakuuliza dakika zote "anasema nini huyu" na hutaona filme. Watu wanashangaa nikiwaambia, lakini disiki nyingi za Marekani ziko na Kifaransa ndani, ju ya Wakanada wa Quebec, ila zone 1 inakungojea pale mulangoni. Kiswahili hutakipata mu hizi za Hollywood. Zile ambazo DJ wa nchi ya Kenya ama Tanzania anasimulia juu, na jina la muuaji linageuka Juma, ni tamu sana mimi sikatai, lakini ni kopi.

Dakika. Hapa kuna kitu kinaletaka ugomvi. Sinema inapita picha 24 kwa sekunde, DVD ya PAL, ile mupango wa picha wa Ulaya, inapita 25, kwa hiyo filme inakimbia kidogo, ya dakika 100 inaisha ku dakika 96. Haikukatwa. Usirudi kumutukana muuzaji. Blu-ray haina hiyo, dakika zake ni zile za sinema.

Version. Filme za wauaji zinapendaka kutoka mara mbili, ya sinema na ya ndefu. Mufano wazi ni Léon ya Luc Besson ya 1994: ya sinema ni dakika 110, ya ndefu ni dakika 133, na mu ile ndefu yule mutoto Mathilda anafundishwa kazi ya Léon zaidi sana, karibu ni filme ingine. Sasa unganisha na ile hesabu ya juu: ku DVD ya PAL ile ndefu itaandikwa karibu 127, ile fupi karibu 106. Ukiona 106 na muuzaji anakuambia "version longue hii yaya, longue kabisa", mwonyeshe namba na unyamaze.

Kama ndani kuna karatasi ya kodi (namba ya siri) ya kupakua filme ku intaneti, usilipie ziada ju yake. Kodi hizo zinatumikaka mu nchi iliyouziwa disiki na ziko na tarehe ya kuisha.

Hatua ya 5: toa disiki, geuza tumbo juu

Muulize kwa heshima kwanza, "Papa, naweza kufungua nione?" Akikataa na boksi haijafungwa na plastiki ya kiwanda, aga uende.

Disiki ya kiwanda chini yake ni rangi ya fedha, ama na dhahabu kidogo ikiwa ni ya layeri mbili (tabaka mbili za filme ndani ya disiki moja). Iliyochomwa ku kompyuta inakuwa na rangi ya zambarau ama bluu ya kuelekea kijani, ielekeze ku jua utaona. Halafu angalia karibu na tundu la katikati, pale plastiki inang'aa kama kioo, utafute herufi ndogo ndogo IFPI na namba nyuma yake. Zinaingizwa ku kiwanda, disiki nyingi za kweli ziko nazo. Sura ya juu pia: kopi ni karatasi imebandikwa, ukipitisha ukucha ku ukingo inainuka. Hiyo karatasi ikilegea mu joto ya lekteri unaweza kupoteza lekteri pia, si filme peke yake.

Muuzaji atasema "zote ni sawa tu, picha ni ile ile". DVD ya layeri mbili inabeba GB 8.5, ile ya kuchoma ya kawaida inabeba GB 4.7. Ili filme iingie lazima wabane picha ama watoe vitu, na kitu cha kwanza kuharibika ni giza. Na ile yenye "filme 12 mu 1" we fikiria mwenyewe GB 4.7 gawanya kwa 12.

Hatua ya 6: jaribu pale pale

Karibu kila muuzaji wa Kenya na wa Kamalondo, komini ingine ya Lushi, iko na katele kadogo hapo. Usiangalie mwanzo, mwanzo huwa muzuri siku zote. DVD ya layeri moja inasomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo kopi mubaya na mikwaruzo ya ukingo inakupiga mwishoni. Ruka mpaka shapitri ya mwisho, acha icheze dakika mbili tatu, kisha rudi katikati. Ku disiki ya layeri mbili kuna pahali katikati picha inasimama kidogo sana, chini ya sekunde, inaendelea. Hiyo si ugonjwa, ni lekteri inahama layeri.

Jaribu pia sauti ya Kifaransa na telekomande, batoni ya AUDIO. Fanya hivyo ju kuna watu wanarudisha disiki nzima: wamebonyeza wakaangukia ile sauti ambapo mutengenezaji anaongea juu ya filme toka mwanzo mpaka mwisho, wanasikia wazungu wawili wanacheka wakati mutu anakabwa, wanasema disiki imeharibika. Bonyeza tena AUDIO, inarudi.

Hatua ya 7: lipa

Ukilipa na dola, beba noti haina hata kapasuko kadogo, unajua kwetu iliyopasuka wanaikataa. Falanga hazina shida hiyo.

Hatua ya 8: nyumbani, umeme na kable

Lekteri iliyopita Kasumbalesa inakuja na fishi (plagi) ya Kizambia ya miguu mitatu bapa, ama ya Afrika Kusini ya mapini matatu mazito ya duara, na prizi zetu ni za Kibelgiji. Nunua adapta ya kweli, usiingize nyaya mbili na vijiti vya kiberiti. Ikitoka Marekani soma nyuma kabla ya kitu chochote: ikiandikwa 100-240V sawa, ikiandikwa 120V peke yake usiitie ku 220 yetu, itatoa moshi mbele ya credits.

Kama lekteri na tele ziko na HDMI, tumia HDMI. Zile kable tatu nyekundu, nyeupe na manjano zinafanya kazi lakini giza inapoteza nguvu. Kisha ingia mu menyu ya tele, toka mu mode ya duka, ile "Vivid" ama "Dynamique", weka "Cinéma" ama "Film". Kwanza utaona inakuwa ya manjano manjano, jicho linazoea upesi, na sura ya muuaji anayejificha ku kona inaanza kuonekana. Zima taa ya sale. Hiyo ya kuzima taa ni bure na inasaidia kushinda mashine ya bei kali.

Umeme ukikatika, lekteri nyingi zinasahau mulipofika. Kwa hiyo mutu mumoja mu nyumba awe anaangalia namba ya shapitri mara kwa mara. Tele ya LED ya inchi 32 na lekteri ya DVD hazili sana, inverteri ndogo na batri muzuri ya gari zinaweza kuwafikisha mwisho. Gurupu (jenereta) pia sawa, ila iweke mbali nje, moshi wake unaua watu waliolala. Na umeme ukirudi usiwashe hapo hapo, ngoja kidogo, ule wa kurudi njo unachomaka vitu. Stabilizateri ikiwepo ni bora zaidi.

Hatua ya 9: sauti, na jirani

Filme hizi zimetengenezwa ju ya sale ya sinema. Maneno chini chini, risasi juu kabisa. Ku tele ya nyumbani unapandisha ili usikie wanachonong'onezana, halafu bunduki inalia na mutoto anaamka. Dawa iko. Kwanza, chagua sauti ya stereo 2.0 kama disiki iko nayo, si 5.1 (ile ya spika sita), ju tele iko na spika mbili tu na maneno ya 5.1 yanatoka ku spika ya katikati ambayo hauna. Pili, mu menyu ya lekteri, sehemu ya audio, kuna kitu kinaitwa DRC, ndiyo, kama nchi, ama "mode nuit". Kiwashe. Kinashusha risasi na kupandisha maneno.

Sasa jirani. Hapa si kwa masihara. Mu kartie zetu usiku mutu akisikia mlio wa bunduki hawazi filme, anawaza wezi wenye silaha wako mu lupango (kiwanja) ya nani, anazima taa, anaweka watoto chini ya kitanda, wengine wanaanza kupiga simu, wengine wanapiga sufuria ili kartie yote iamke. Ukiwa na subwufa kubwa, na dirisha wazi ju ya joto, komini nzima ya Katuba itakesha ju yako. Pita jioni kwa jirani wa kushoto na wa kulia, sema "Papa, Mama, leo tunaangalia filme, mukisikia risasi ni ku tele yetu". Mwambie na mulinzi wa barabara. Subwufa iondoe ku sakafu iweke juu ya blanketi iliyokunjwa, funga dirisha la upande wa jirani, na ikifika saa nne ya usiku ishushe. Ukiweza anza mapema, saa kumi na mbili, zile scene kubwa za mwisho ziishe kabla watu hawajalala.

Hatua ya 10: watoto

Soma alama ya miaka ku jaketi. Ya Ufaransa itakuwa -12, -16 ama -18 ndani ya duara, ya Uingereza 12, 15 ama 18, ya Marekani itaandikwa R, maana yake chini ya miaka 17 aende na mutu mukubwa. Usidanganywe kwamba ni "filme ya vita tu". Mu hizi wanakaba mutu polepole mu choo, na kamera haigeuki. Kama mutoto wa miaka minane iko mu nyumba ya chumba kimoja na sale, hutaweza kumufungia, sauti inapita, afazali iwe siku ameenda kulala kwa shangazi. Na ile bonus ya namna walivyofanya mapigano, hiyo unaweza kumuonyesha, yenyewe ni muzuri kabisa, anaona damu ni rangi, anaona jamaa anaanguka juu ya godoro kisha anainuka anacheka, ila chungulia kwanza peke yako.

Hatua ya 11: kutunza

Vumbi yetu nyekundu ya kiangazi inaingia hata mu boksi iliyofungwa. Futa na kitambaa laini, toka tundu la katikati kwenda ukingo, mustari wa moja kwa moja, usizungushe, ju mukwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ile ile ya lekteri na inashindwa kuruka. Dawa ya meno wacha ku meno. Na ukiazima mutu, mupe disiki pamoja na boksi yake, uandike jina lake na tarehe ku ukuta wa jikoni pale kila mutu anaona.